GARI LA PAROKIA NI LA NANI?



Katika parokia zetu za nyanda hizi za juu, kutoka Kabanga na Kasulu hadi Kibondo, neno moja limekuwa likizungumzwa sana watu watokapo kanisani: gari jipya. Magari ya zamani yamechoka, hilo hatulibishi. Chasisi zimechomelewa mara nyingi, springi za nyuma zimelala, na wakati wa masika dereva hutegemea mabega ya vijana kuliko gia. Magari mengine yatanunuliwa, na ni haki yanunuliwe. Linalotusumbua ni namna jambo hili linavyoendeshwa. Aina ya gari hutajwa kwanza, kiwango cha mchango hutangazwa baadaye, na swali la kazi ya gari lenyewe haliulizwi kabisa. Na gari linalotajwa, wapendwa, ni lile ambalo wananchi wa Tanzania wenyewe wamelipa jina la shangingi.

Sisi wa Haki na Amani tunaoandika haya tuko Kabanga, lakini jambo lenyewe si la Kabanga peke yake, wala hatuandiki kumshtaki padre yeyote. Mapadre wetu tunawaheshimu, na tunajua ni nani anayelala njiani gari likikwama. Tunaandika kwa sababu gari la parokia ni mali ya wengi, na mali ya wengi isiposemewa na wengi hugeuka kuwa ya wachache bila mtu kuona siku ilipogeuka.

Tuanze na usiku mmoja. Parokia hatutaitaja, wala kigango chake. Mama mmoja alishikwa na uchungu saa nne za usiku, mvua ikinyesha, na kufikia saa saba mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, mama apelekwe Hospitali ya Kabanga. Vijana wawili walitembea kwa miguu hadi parokiani. Gari lilikuwapo, limeoshwa, limefunikwa turubai. Mlinzi akasema ufunguo anao Baba Paroko, naye amekwenda semina, na hata angekuwapo, gari hilo haliruhusiwi kubeba wagonjwa kwa kuwa viti vyake ni vya kitambaa na vitachafuka. Mama alipakiwa kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, mmoja akiendesha, mwingine akimshika asianguke. Mmoja wetu ndiye aliyekwenda mbele na tochi kuangalia madimbwi. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Hatusemi kwamba gari lingemwokoa mtoto yule kwa hakika. Hilo analijua Mungu. Tunasema kwamba gari lilinunuliwa kwa michango ya watu wa kigango kile kile, na usiku ule viti vilihurumiwa kuliko mama.

Itafaa tukumbuke magari ya misheni yalianza kutolewa kwa sababu gani. Shirika la MIVA, ambalo magari yake mengi yamefika katika majimbo ya Afrika, lilianzishwa Ujerumani mwaka 1927 na Padre Paul Schulte, Mwoblati wa Maria Imakulata. Rafiki yake, Padre Otto Fuhrmann, alikuwa amefariki miaka michache kabla katika misheni ya kusini-magharibi mwa Afrika: aliugua malaria, na hapakuwa na chombo cha kumfikisha kwa daktari kwa wakati. Kutokana na kifo hicho Padre Schulte alianza kutafuta fedha za magari, mashua na hata ndege kwa ajili ya misheni. Kwa hiyo chimbuko la gari la misheni ni mgonjwa aliyechelewa kufika hospitalini. Parokia inayokataza gari lake kubeba mgonjwa imeikana asili ya gari hilo.

Na wanaotoa ni akina nani? Kwa mfano, katika Austria, ambako MIVA ilianzishwa mwaka 1949, wenye magari huombwa kila mwaka karibu na sikukuu ya Mtakatifu Kristofa kutoa sehemu ya kumi ya senti moja kwa kila kilometa waliyosafiri bila ajali. Aliyeendesha kilometa 10,000 hutoa yuro 10. Ni watu wa kawaida: makarani, wakulima, wastaafu. Senti hizo huombwa kwa shukrani ya kufika salama, ili mwingine naye afike. Tunajiuliza wangesema nini wangaliliona turubai lile.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Wanaotetea gari la kifahari wana hoja, nasi tutazitaja kwa haki. Wanasema padre ni mtu wa heshima na gari lake liwe la heshima. Wanasema safari za Kigoma kwa Baba Askofu ni ndefu na mgongo una umri. Wanasema pia kwamba lami imefika, hivyo magari ya kazi ngumu yamepitwa na wakati.

Hoja ya lami ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba kutoka Kidahwe hadi Kasulu, kilometa 63, watu wa leo hawali tena vumbi tulilokula sisi. Ni kweli pia kwamba mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo kwa ajili ya barabara ya Kabingo, Kasulu na Manyovu, kilometa 260. Tunashukuru. Lakini tuulize: kigango gani kimejengwa juu ya lami? Misa ya mwezi, mgonjwa wa Mpako, mazishi, mahindi na maharage ya zaka, mabati ya kanisa linaloezekwa, vyote viko kule ambako barabara ni udongo mwekundu na daraja ni magogo matatu. Kama gari litanunuliwa kwa ajili ya lami, basi litanunuliwa kwa ajili ya safari za mjini, na watu wa vigango waambiwe hivyo waziwazi kabla ya kuchangishwa.

Kuhusu mgongo wa padre tunakubali. Gari liwe na viti vizuri vya mbele. Hilo ni jambo la fundi na fedha kidogo, halihitaji kubadili aina ya gari.

Kuhusu heshima tuna maneno zaidi. Nchi yetu ilianza zamani kuwacheka watu waliopimwa kwa magari yao. Katika miaka ya 1960 waliitwa Wabenzi, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya uongozi ili kiongozi asijitenge na wananchi kwa mali. Azimio lilikwisha lakini kicheko kilibaki, nacho kikahamia kwenye shangingi. Je, Kanisa lipande katika kiti ambacho wananchi walikuwa wakimcheka aliyekikalia? Mnamo Julai 2013 Baba Mtakatifu Fransisko aliwaambia waseminari na wanovisi kwamba inamuuma kuona padre au mtawa na gari la toleo jipya kabisa. Gari ni la lazima kwa kazi, akasema, lakini wachague lililo la kawaida zaidi, na wakitamani lile zuri wawakumbuke watoto wanaokufa kwa njaa. Miezi miwili baadaye yeye mwenyewe alipokea kwa furaha Renault 4 kuukuu kutoka kwa padre mmoja wa Italia. Hatujasikia kwamba heshima yake ilipungua.

Sisi wa Kibondo na Kasulu tuna somo la karibu zaidi. Tangu Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa na ndugu zetu wa Burundi kuvuka mpaka kwa maelfu, na tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, barabara zetu zilijaa magari meupe yenye nguzo ndefu za redio. Yalikuja tena kwa wingi mwaka 2015. Watoto wetu waliyahesabu kama watu wa pwani wanavyohesabu meli. Huenda ndipo sisi nasi tulipojifunza kwamba mtu mkubwa ni yule anayepita akiwa amefunga vioo. Lakini tungalitazama vizuri tungaliona jambo jingine: mashirika yale, yenye fedha kuliko majimbo yetu, yalipotuma watu wao kambini wakati wa masika, aghalabu yaliwapa Land Cruiser ya kazi, ile tunayoiita Hardtop au Mkonga, yenye springi za majani, mabati matupu na sakafu inayooshwa kwa ndoo ya maji. Wenye uwezo wa kuchagua lolote walichagua hilo. Mkonga umekuwa ukitengenezwa tangu mwaka 1984 bila kubadilika sana katika misingi yake, na ile yenye injini kongwe ya dizeli ya lita 4.2 huweza kufunguliwa na fundi wa Kasulu chini ya mwembe bila kompyuta. Gari la kifahari likigoma, taa nyekundu ikiwaka, safari yake ya kwanza huwa ni kubebwa juu ya lori kwenda mjini.

Pendekezo letu, basi, ni Hardtop ndefu yenye mabenchi mawili yanayotazamana nyuma. Hubeba watu kumi na zaidi kwa halali, na mabenchi yakikunjwa machela hupita. Tunajua magoti hugongana, na wanawake wa WAWATA wametuambia hivyo kwa maneno makali. Basi mikanda ifungwe na magodoro ya mabenchi yawe mazito. Pikapu hatuipendekezi, ingawa ni ya bei nafuu, kwa sababu tunajifahamu: Jumapili ya Pasaka kwaya nzima itapanda nyuma, na polisi wakiikamata tutasema wanalionea Kanisa. Na kwa tofauti ya bei kati ya Hardtop na shangingi jipya, parokia ingewanunulia pikipiki makatekista wa vigango vyake vyote. Katekista anayetembea saa tatu kwenda kumfundisha mkatekumeni mmoja naye ana mgongo.

Jambo la pili, ambalo husahaulika kuliko yote, ni kwamba bei ya gari si ile inayolipwa siku ya kulinunua. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme gari limegharimu shilingi milioni 90 na litadumu miaka 10. Kila mwaka gari hilo linakula milioni 9 za thamani yake, yaani shilingi 750,000 kwa mwezi, hata likiwa limesimama chini ya turubai. Tuseme linatembea kilometa 1,500 kwa mwezi, na lita moja inalipeleka kilometa 8: hizo ni lita 187 na nusu za dizeli kila mwezi. Ongeza bima, matairi, oili, mshahara wa dereva pamoja na michango yake ya hifadhi ya jamii, kwa maana dereva wa Kanisa ni mfanyakazi kama wengine, si mtoto wa nyumbani. Parokia isiyoweza kuweka akiba ya uchakavu itajikuta, baada ya miaka 10, imesimama tena mlangoni pa mfadhili, na waamini wale wale wakichangishwa upya. Gari la gharama mara mbili huhitaji akiba mara mbili. Hilo kamati nyingi hazilisemi, kwa sababu aliyepewa gari hudhani amepewa na dizeli.

Sasa fedha. Hapa ndipo tunapoona dhambi, na tutaiita kwa jina lake. Katika baadhi ya mahali mchango wa gari umepangwa kwa kila kaya, tajiri na maskini kiwango kimoja, na kadi ya mchango imekuwa kibali cha huduma. Asiyelipa, mtoto wake asubiri ubatizo. Asiyelipa, ndoa yake isitangazwe. Tumesikia hata habari ya mjane aliyeambiwa kwamba marehemu mumewe hakuwa mchangiaji, kwa hiyo mazishi yataongozwa na mwenyekiti wa jumuiya na si padre. Mjane huyo alikuwa ameuza debe la maharage kulipa nusu ya kiwango.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 848, haiachi shaka. Mhudumu wa Sakramenti asidai chochote zaidi ya sadaka zilizowekwa na mamlaka halali, na tena aangalie daima kwamba wahitaji wasinyimwe Sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Hakuna Halmashauri ya Walei yenye uwezo wa kuitangua kanuni hiyo kwa kikao cha Jumamosi. Viongozi wenzetu wa walei, tuseme ukweli: mara nyingi si padre aliyebuni kadi hizo. Ni sisi. Ni makatibu na wahazini wetu, waliotaka kumpendeza Paroko kwa haraka, wakafunga mlango wa kisima cha ubatizo ili gari lipite.

Nabii Samweli aliwaonya Waisraeli walipodai mfalme: atawachukua wana wenu kwa ajili ya magari yake, naye atatwaa zaka ya mbegu zenu. Tulisoma somo hilo kigangoni, mzee mmoja akauliza kama Samweli aliwahi kufika Buha.

Kuna njia nyingine ya fedha inayopendwa kwa sababu haimuumizi mwamini hata kidogo: mwanasiasa. Hufika siku ya harambee, hukaa kiti cha mbele, hutangaza gari, na makofi huzidi yale ya Aleluya. Wenzetu wa Nairobi wametupa mfano wa kutafakari. Mnamo Novemba 2024 Rais William Ruto alitoa fedha katika Parokia ya Soweto, akaahidi nyingine za nyumba ya mapadre, pamoja na basi la parokia. Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza zilizotolewa zirudishwe, na zilizoahidiwa pamoja na basi zikataliwe, kwa sababu Kanisa halitakiwi kuwa jukwaa la kujitafutia umaarufu wa kisiasa. Fikirini ugumu wa barua ile. Parokia ilikuwa na shida kweli, basi lilikuwa karibu kufika, na aliyeahidi alikuwa mkuu wa nchi. Je, sisi tungekataa hata nusu ya tenki ya dizeli kutoka kwa mgombea udiwani? Gari lililotolewa na mgombea litamdai padre kila uchaguzi. Naye siku ya kuhubiri juu ya rushwa atahubiri akijua ufunguo ulioko mfukoni mwake ulitoka wapi.

Misamaha ya kodi nayo ni fedha, na ni fedha ya wananchi. Mwaka 2009 Serikali ilipotaka kuondoa misamaha kwa taasisi za dini, viongozi wa madhehebu walipinga, wakisema kwamba magari na vifaa vyetu huwahudumia wananchi wote, hasa katika shule na hospitali. Serikali ililegeza msimamo. Tulikuwa na haki ya kupinga. Lakini tulitoa sababu, na sababu ile ni ahadi. Gari lililosamehewa kodi kwa jina la wagonjwa halafu likawakataa wagonjwa limewaibia waliosamehe, wakiwamo majirani zetu Waislamu na Wapentekoste ambao hawatalipanda hata siku moja.

Wengine watasema sasa kuna mpango wa Serikali wa m-mama, mjamzito hupiga simu 115 bila malipo na gari huitwa. Tunaufurahia sana, na katekista yeyote asiyeijua namba hiyo aiandike leo mlangoni pa kanisa. Lakini haujaondoa wajibu wetu, kama vile kuwapo kwa hospitali ya Serikali hakukuifuta Hospitali ya Kabanga. Msamaria hakuuliza kwanza kama kuna chombo cha manispaa barabara ya Yeriko. Alimweka majeruhi juu ya mnyama wake mwenyewe, naye bila shaka akatembea kwa miguu.

Maaskofu wa dunia nzima walipokutana katika Sinodi ya mwaka 1971 juu ya haki, walikiri kwamba anayethubutu kusema na watu kuhusu haki sharti kwanza awe mwenye haki machoni pao, na kwamba Kanisa lichunguze mali zake na namna yake ya kuishi. Tume kama hii yetu hutumwa kuchunguza mahakama, polisi, na ugawaji wa ardhi. Hatuna uso wa kwenda huko kama hatuwezi kulichunguza gereji la nyumbani.

Tunaomba hivi. Kila parokia inayotaka gari, kamati ya fedha ambayo kanuni ya 537 inaidai iandike kwanza kazi za gari na kilometa zake kwa mwaka mmoja uliopita, kwa kutumia kitabu cha safari. Kama hakuna kitabu cha safari, basi kianzishwe, na gari lisinunuliwe mpaka kimejazwa miezi mitatu. Michango iwe ya hiari na kwa stakabadhi, kadi zote za kuzuia Sakramenti zikusanywe na kuchomwa. Fedha iliyotolewa kwa gari isitumike kwa uzio wala kwa jubilei ya mtu. Kanuni ya 1267 yasema sadaka iliyotolewa kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilo tu. Hesabu zisomwe kanisani, kama kanuni ya 1287 inavyotaka waamini wapewe hesabu ya walichotoa, na zisomwe kwa Kiha pia, ili bibi aliyetoa shilingi mia tano asikie imekwenda wapi. Ufunguo wa pili ukae kwa mtu anayelala parokiani usiku, na jina lake litangazwe vigangoni.

Jumuiya Ndogo Ndogo zijadili jambo hili katika mikutano yake ya juma lijalo. Waulizwe kwanza akina mama wa vigango vya mbali, kabla wenyeviti hawajasema: mara ya mwisho ulipohitaji gari la parokia ilikuwa lini, na ulijibiwa nini? Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, yasipambwe, yaletwe kwa katibu wa Tume kabla Halmashauri ya Walei haijakaa kupitisha bei.